Shimo Lisilokaguliwa

Zege la pembe moja ya banda lilikataa kukauka.

Pembe nyingine zilikuwa zimeshapauka na kuwa ngumu. Ukizigonga kwa nyundo, zinalia. Ile iliyoelekea mkaratusi ilibaki na weusi wa maji, kama imemwagwa asubuhi ileile. Kila akirudi kutoka machinjioni, Baba Azwa aliiinamia na kuiwekea kiganja, akasikia ubaridi ukimpanda hadi kwenye kiwiko. Haukuwa ubaridi wa saruji mbichi. Ulikuwa kama wa kitu kilichotulia kikamsikiliza.

"Labda mchanga wake una chumvi," Mama Azwa alimwambia kutoka barazani. "Si unaijua ardhi ya huku? Hata mabomba yanaoza."

"Labda," alijibu, akakifuta kiganja kwenye suruali, akakifuta tena, ingawa hakikuwa na kitu.

Kiwanja chenyewe kilikuwa nje ya mji, kati ya mashamba ya ngano na bonde la chumvi, mahali ambapo upepo wa kiangazi huleta vumbi na nzi na hauleti kingine. Yeye na mkewe, kama jamaa zao wengi, walikuwa wametoka visiwani zamani kufuata kazi ya machinjio. Kwao mtu akishazaa huacha kuitwa jina lake. Huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na akipata mjukuu hubadilishwa tena, akaitwa kwa mjukuu. Azwa, mtoto wao wa pekee, alikuwa amerudi nyumbani na mimba yake ya kwanza, mumewe yuko migodini kaskazini. Kwao mimba ya kwanza ikitimiza miezi saba hufanyiwa sherehe, na banda lilikuwa la wapishi wa siku hiyo. Tangu habari zienee, wenzake kazini hawakumwacha Baba Azwa apumue.

"Babu Bado," Dahlan, mfunga kondoo kwenye kamba, alimwita wakati wa chai, "banda la sherehe limefika wapi?"

"Linakwenda."

"Linakwenda wapi? Mwambie lirudi, miezi saba haimsubiri mtu. Au wanawake watapika juani, wachomeke pamoja na nyama?"

Wakacheka, naye akacheka. Lakini moyoni alikuwa na jambo, na lilikuwa halimwachi hata akiwa na kisu mkononi. Kazi yake ilikuwa kuchinja. Hakuna kondoo aliyepita chini ya kisu chake bila kutajiwa jina la Mungu, hata siku ambazo mashine zilikimbia na koo lilimkauka. Watu walimsifu kwa hilo. Siku hizi kila alipolitaja jina lile, alimkumbuka mmoja ambaye hakumtajia chochote.

Ilikuwa hivi. Kule huwezi kusimamisha banda la ukubwa ule bila kibali cha halmashauri, na kibali hakimalizi kazi. Ukishachimba mashimo ya nguzo, unayaacha wazi mpaka mkaguzi aje ayatazame moja moja, aone kina, aone nondo, aone udongo wa chini. Mkaguzi aliitwa Russell. Hawakuwahi kuonana, walikuwa wakizungumza kwa simu tu.

"Shimo likishafunikwa, kaka, halisemi kitu," Russell alimwambia. "Ndiyo maana nataka nilione. Usimwage mpaka nije."

Kisha mashamba yakaanza kuwaka moto, na kwa kuwa Russell alikuwa pia mtu wa zimamoto wa kujitolea, ahadi ya kuja ikasogea, ikasogea tena. Lori la zege likaja kabla yake. Lilitoka mji wa mbali, na dereva hakuwa mtu wa kubembelezwa.

"Nikirudi na mzigo huu, hunioni tena mpaka mavuno yaishe," dereva alisema, mkono kwenye mfereji wa kumwagia zege. "Mkaguzi ameshaona?"

Baba Azwa aliifikiria sherehe. Akawafikiria wanawake na masufuria yao juani.

"Ameshaona," alisema.

Mdomo haujafunga, akamwona. Chini kabisa ya shimo la mwisho, karibu na mkaratusi, alilala mjusi. Ni wale wanene wa kule, wenye mkia butu mfano wa kichwa cha pili, wenye magamba kama koni ya msonobari na ulimi wa buluu. Hawatagi mayai, huzaa; huishi jike na dume miaka yote, na mmoja akifa mwenziwe hukaa naye. Huyu alikuwa jike. Tumbo lilikuwa limejaa kupita kiasi, na ngozi ya ubavuni ikawa inasukumwa kutoka ndani, taratibu, kama mtu anayegeuka usingizini. Aliinua kichwa, akamtazama.

Visiwani mtoto hufundishwa jambo hili kabla ya kufundishwa kuvua viatu mlangoni: ukikuta nyoka au mjusi mahali unapotaka kujenga, usimguse kabla hujasema naye. Mwambie kwa sauti, kama wewe ni mnyama, nenda zako. Kama si mnyama, tunakuomba utupishe. Kisha umpe nafasi. Baba Azwa alilijua hilo. Koleo lilikuwa mkononi mwake; angeweza kuinama akamtoa. Lakini dereva alikuwa anamtazama, na mtu anayetoa mjusi kwenye shimo ni mtu ambaye shimo lake halijakaguliwa. Haya ikamshinda nguvu.

Akapunga mkono. "Mwaga."

Mkaguzi alikuja siku ambayo Baba Azwa hakwenda kazini. Jua lilikuwa utosini, mabati yakilia kwa joto. Baba Azwa alimkuta mtu amesimama kwenye ile pembe, kofia pana, kizibao cha manjano kinachong'aa, viatu visivyo na vumbi hata chembe. Hapakuwa na gari.

"Nimekuja kuona shimo," mtu yule alisema. Sauti yake ilikuwa kavu, kama majani yanayokanyagwa.

"Russell? Karibu. Samahani, niliyaziba. Lori lilikuja, na..."

"Hili la pembeni. Nani aliliona kabla halijafunikwa?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulitazama ndani?"

"Nilitazama."

"Palikuwa na nini?"

Baba Azwa alijipunga usoni. Nzi walikuwa wakimwandama machoni na puani, kama wanavyomwandama kila kiumbe kule. Hapo ndipo alipotambua kwamba kwa mgeni hakukuwa na nzi hata mmoja. Walimzunguka kwa mbali, wakageuka.

"Hapakuwa na kitu. Udongo na nondo tu."

Mgeni alilamba midomo. Ulimi wake ulikuwa wa buluu, buluu nzito ya wino.

"Umeoa?" aliuliza.

"Nimeoa."

"Miaka mingi?"

"Mingi, ndiyo."

"Sisi pia," mgeni akasema.

Baba Azwa aliingia ndani kumchukulia maji, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Alipotoka, uwanja ulikuwa mtupu. Kwenye pembe ile, juu ya zege lisilokauka, alikaa mjusi mnene, dume, ameegemeza kidevu kwenye unyevu, hakimbii.

Jioni simu ikalia.

"Kaka, Russell hapa. Nivumilie, moto huu umetumaliza. Nitajitahidi wiki ijayo. Hujamwaga, sivyo?"

Baba Azwa aliishika simu kwa mikono miwili. "Si ulikuja leo?"

"Leo? Niko juu ya lori la maji tangu Jumatatu, kaka, hata nyumbani sijafika. Umesema nini?"

"Hakuna. Sijamwaga," alisema. Akaona jinsi uongo wa tatu ulivyokuwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Aligeuka akamkuta mkewe ameketi kitandani akijikanda vidole vya miguu.

"Baba Azwa," alisema kwa sauti ya chini, asimshtue binti chumba cha pili, "miguu yangu imelala na haitaki kuamka."

Akaishika. Ulikuwa ubaridi uleule. Aliujua kabla ubongo wake haujakubali, kiganja kiliujua, maana kilikuwa kimeuzoea kila jioni kwenye pembe ya banda. Na chini ya kucha za mkewe palikuwa na rangi ya kijivu, isiyotoka kwa maji wala kwa sabuni.

Haikukaa kwenye vidole. Ilipanda. Daktari wa mjini alisema ni damu haipiti vizuri, akaandika apelekwe hospitali kubwa, nao wakaambiwa wasubiri zamu. Wakati wanasubiri, vifundo vikakataa kukunjika, kisha magoti, na Mama Azwa, mwanamke aliyekuwa akipika kwa ajili ya msiba wa watu wote huku anaimba, akawa anageuzwa kitandani kama gogo. Chumba kikaanza kunuka saruji mbichi. Azwa alifungua madirisha yote, akachoma udi, lakini harufu ilirudi, na ndani yake mlikuwa na harufu nyingine, ya kitu kilichofungiwa. Na kila adhuhuri, mabati yakianza kulia, kutoka upande wa banda kulisikika mkwaruzo, taratibu, kama kucha zinazotafuta ufa.

"Baba, ni panya?" Azwa aliuliza, mkono juu ya tumbo.

"Ni joto tu. Chuma kinatanuka."

"Chuma gani kinachosimama nikisimama, na kuanza nikikaa?"

Baba Azwa akavaa viatu. Alikwenda kumwita Bibi Sumila.

Bibi Sumila alikuwa shangazi wa mbali wa Mama Azwa, mkunga wa zamani wa visiwani, ambaye mpaka leo watu walimwendea kwa visomo kabla ya kwenda kwa daktari au baada ya daktari kuwashinda. Alikuja na ndimu zake ndani ya kitambaa. Akasoma, akakata ndimu kwenye beseni, akaosha miguu ya mgonjwa polepole, na alipomaliza akaliinamisha beseni kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya maji palikuwa pametua unga wa kijivu. Aliugusa, ukaanza kuganda kwenye ncha ya kidole.

"Mwanangu," alimwambia Baba Azwa bila kugeuka, "nisindikize barazani."

Barazani Bibi Sumila aliketi. Akalitazama banda mpaka Baba Azwa mwenyewe akaanza kusema, kwa kunong'ona, maneno yakitoka vipande vipande: lori, dereva, mjusi, mkono alioupunga, mgeni asiyetuliwa na nzi.

"Hukumwambia neno?"

"Sikumwambia."

"Wewe, ambaye kondoo wa watu huwapitishii kisu bila jina la Mungu."

"Bibi, niache."

"Sikuachi. Alikuwa peke yake?"

Dirisha lilikuwa wazi nyuma yao. Ndani Azwa alikuwa akikunja nguo za mtoto, fulana ndogo ndogo za pamba, anazipanga juu ya kitanda cha mama yake ili mama azione. Baba Azwa aliiona tena ngozi ile ya ubavuni ikisukumwa kutoka ndani. Angesema nini? Kwamba aliona mama mwenye mimba, akapunga mkono? Hapa, binti yake anasikia?

"Alikuwa mmoja," alisema.

Bibi Sumila alikifunga kitambaa chake cha ndimu. "Haya. Atakuja tena, na atakuuliza. Usimdanganye. Yule haulizi ili ajue, anajua. Anauliza ili akusikie ukisema. Wake alikufa bila neno, na neno ndilo analolitaka. Mpe lote, mwanangu. Ubaridi ukifika kifuani kwa mkeo, mimi na ndimu zangu hatuna kazi."

Kesho yake ubaridi ulikuwa umefika mbavuni, na Mama Azwa alivuta pumzi kama anayebeba mzigo juu ya kilima. Adhuhuri Baba Azwa alitoka, akavuka uwanja ambao hakuwahi kuuona mrefu vile, na kila hatua mkwaruzo ulikuwa unapungua, mpaka alipofika chini ya mkaratusi kukawa kimya kabisa, nzi wamenyamaza, mabati yamenyamaza, hata upepo wa bonde la chumvi umesimama kama umeambiwa usubiri, na pale kwenye pembe, kizibao chake kinang'aa hata macho yanauma, alikuwa amesimama mtu yule, amemgeukia, ulimi wake wa buluu ukipita kwenye midomo iliyopasuka.

"Nimekuja kuona shimo," alisema.

Baba Azwa akapiga goti kwenye vumbi. "Sikusema kweli. Hapakuwa patupu. Palikuwa na wako. Nilimwona, naye aliniona. Nilikuwa na koleo mkononi na sikuinama, nilijua la kusema na sikusema, niliogopa dereva atajua nimemdanganya. Nikasema mwaga. Mke wangu hakufanya kitu. Mchukue aliyekosa."

Mgeni alisikiliza hadi mwisho. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Ulikuwa uso wa mtu aliyekesha na maiti.

"Walikuwa wangapi?" aliuliza.

Azwa alikuwa ametoka kuanika shuka. Alisimama kwenye kamba, mgongo umemwelemea nyuma kwa uzito wa tumbo, anaimba kidogo ili mama yake amsikie. Mgeni aligeuza kichwa polepole, akamtazama, akamrudia Baba Azwa.

Neno lilifika kwenye meno. Aliliona lilivyo: akilitoa, litakuwa kweli, na yeye atakuwa mtu aliyelifanya.

"Mmoja," alisema.

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Sitaongeza juu ya neno lako," mgeni akasema. "Mmoja nakurudishia."

Upepo ukaanza tena. Kutoka ndani ya nyumba ikaja sauti ya Mama Azwa, haikuwa kelele, ilikuwa mshangao tu: "Miguu. Nasikia miguu yangu." Baba Azwa alikimbia, na alipofika alimkuta mkewe anakunja vidole, anavitazama kama vya mtoto mchanga, Azwa akicheka na kulia kwa pamoja. Jioni ile Mama Azwa alishuka kitandani. Asubuhi alikuwa jikoni, anagombana na mchele. Harufu ilikuwa imekwisha, na pembe ile ilikuwa imepauka na kukauka kama zile nyingine. Mjusi dume hakuonekana tena.

Baba Azwa alijiambia kwamba limepita. Alijiambia mara nyingi.

Russell wa kweli alifika mwisho wa wiki, mtu mfupi mwenye madoa usoni, nzi wamejaa mgongoni kama shali. Alizunguka banda, akavua kofia, akaivaa tena.

"Uliniambia hujamwaga."

"Nilikudanganya, kaka."

"Angalau unasema." Russell alishusha pumzi. "Sina ugomvi na wewe. Lakini siwezi kupitisha kitu sijakiona. Chagua pembe moja, tuivunje, nitazame. Ikiwa sawa, nitakuachia nyingine."

Baba Azwa alitaka kuchagua pembe yoyote ile. Lakini Russell alikuwa ameshaikaribia ile ya mkaratusi, anaigonga kwa kisigino cha buti.

"Hii inalia tupu," alisema. "Tuanze hapa."

Walifanya kazi kwa mashine ya kuvunjia, wakipokezana. Vumbi lilipanda. Karibu na chini, ncha ya mashine ikazama ghafla, zege likakatika kama gamba la yai, na hewa baridi ikatoka, iliyokaa sana. Russell alipiga goti, akawasha tochi.

"Mfuko wa hewa," alisema. "Ndiyo maana huwa nataka kuona. Njoo utazame."

Baba Azwa alitazama. Uwazi ule haukuwa wa mjusi. Ulikuwa na umbo la mwanamke aliyeketi, magoti kifuani, kichwa kimeinama, na kuta zake zilikuwa na mistari, mingi mno, kama ya kucha. Chini ya kwapa palikuwa na uwazi mwingine, mdogo, usiozidi kiganja. Mtoto alikuwa amezaliwa mle ndani. Uso wake mdogo ulikuwa umebanwa kwenye zege kuelekea juu, mahali mlango ungekuwa.

"Iko miwili," Russell alisema, akivuta tepu yake. "Mkubwa na mdogo. Ajabu, huu mdogo."

Barazani Azwa alimwita mama yake. Hakuita kwa hofu. Aliita kama mtu anayeomba kitu kidogo.

"Mama, hebu njoo weka mkono hapa. Tangu asubuhi hajacheza. Na tumbo mbona limekuwa baridi?"

Baba Azwa aliinua kichwa kuelekea mkaratusi. Jua lilikuwa utosini. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na mjusi, hapakuwa na yeyote aliyekuja kumuuliza. Akalala kifudifudi, akaingiza uso ndani ya shimo mpaka baridi ikamfunika masikio, akasema kwa sauti, mdomo umegusa zege: "Wawili. Walikuwa wawili. Nilimwona na wa pili."

Juu yake Russell alikuwa akipima.

"Ndiyo, kaka," alisema kwa upole. "Nimeshaona."